Kompyuta ya shule si pambo la ofisi ya mkubwa

Ndugu vijana, wakaaji wa Uvira, kutoka Kavimvira mpaka Kalundu,

Kila siku tuko tunasikia kwamba shule zetu zinapashwa kuingia katika teknolojia. Sawa, hata sisi tunataka. Lakini nani aliketi na nani, wakapatana nini?

Kompyuta peke yake haifundishi mtu. Inaomba umeme, mwalimu aliyejifunza, chumba kisichovuja, na makuta ya kuitengeneza ikiharibika. Hayo manne yasipopangwa mbele, mashini inafungiwa ku ofisi, inakula vumbi, na mwanafunzi anajifunza informatike kwa chaki ku ubao. Mama anayeuza ndagala kule Mulongwe, yeye ameshalipa.

Tulishaona mfano. Tarehe 18 Machi 2020, Raisi Tshisekedi alitangaza kufunga shule zote juu ya Covid. Masomo yakahamia ku radio, televisheni na intaneti. Mwenye umeme na simu nzuri alisoma. Mwengine alingoja tu. Vyombo vilikuwako, mpango wa kufikia kila mtoto ndio ulikosekana.

Kwa hiyo tunasema: kuongoza shule si kupokea mashini na kupiga picha. Ni kuita watu, kusikilizana, na kuandika tunaenda wapi. Viti vya kukalia viko tayari: COGES kwa usimamizi wa shule, COPA kwa wazazi. Vitumike!

Mbele ya mwaka wa masomo ujao tunaomba mambo matatu:

1. Kila direktere na kila prefe aite COGES, COPA, walimu na wajumbe wa wanafunzi. Waandike pamoja ukurasa mmoja: teknolojia itusaidie nini, nani atafundisha, nani atatunza.

2. Hesabu ya makuta yote ya informatike ibandikwe ku mlango wa shule.

3. Wakubwa wa elimu waanze na mafunzo ya walimu, kisha ndiyo wakate utepe.

Ibara ya 43 ya Katiba inasema masomo ya msingi ni ya lazima, na ni ya bure katika shule za serikali. Basi kompyuta isigeuke sababu mpya ya kufukuza mtoto darasani.

Vijana, kidole kimoja hakivunji chawa. Juma hili, nenda ku shule uliyosomea, pamoja na wazazi wa kwenu, bila fujo, mkaulize: mpango uko wapi?