KIFUNDO CHA SAUTI SI JAMBO DOGO

Wako watakaocheka wakiona tahariri nzima inazungumzia kile kifundo cha redio kinachozungushwa kwa vidole ili kuongeza au kupunguza sauti. Na wacheke, lakini wakishacheka, wamwendee mkulima wa Bukiriro, wilayani Ngara, saa ya taarifa ya habari. Mikono yake ni migumu kwa jembe, na taa yake ni hafifu. Anataka kusikia bei ya kahawa. Anagusa kifundo: redio inakwaruza, inanyamaza, kisha inapiga kelele na kuwaamsha watoto. Anapopata kipimo kinachofaa, bei imekwisha kusomwa.

Jambo hili lina sababu. Chini ya kifundo pana utepe wa kaa, na juu yake huteleza ulimi mdogo wa chuma. Ulimi ukisogea, umeme unaopita huongezeka au hupungua, na sauti kadhalika. Vumbi likiingia, au kaa likilika, mikwaruzo huanza. Tena sikio halipimi sauti kama mizani ipimavyo sukari. Kwa hiyo utepe ulio bora hutengenezwa kwa hesabu, ili sauti isikike ikipanda hatua kwa hatua. Utepe duni hurukia kelele kwa mguso mmoja, na kelele hula betri, nazo betri hununuliwa kwa jasho.

Tukumbuke historia yetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao 2,000,000 walikusanyika katika vikundi, na kikundi kizima kilitegemea redio moja. Hapo Ngara, Redio Kwizera ilianza mwaka 1995 kuwahudumia wakimbizi wa Rwanda na Burundi, ambao habari kwao ilikuwa njia ya kumpata ndugu aliyepotea. Je, habari iliyovuka milima yote hiyo ife kwenye kifundo, hatua moja tu kabla ya sikio?

Leo redio nyingi ndogo zina gurudumu jembamba ubavuni, au vitufe ambavyo kidole cha mfanyakazi hubonyeza viwili kwa pamoja. Tunasema wazi: huo si maendeleo kwa mtu anayetumia mikono yake kazini. Waagizaji walete redio zenye kifundo kipana, chenye mikunjo ya kushika na kinga ya vumbi, na vipuri vyake vifike hata Biharamulo. Shirika la Viwango nalo, linapopima bidhaa hizi, lisikisahau kifundo.

Nawe, ndugu msomaji, kabla hujatoa fedha yako dukani, zungusha kifundo taratibu toka mwanzo hadi mwisho. Kikikwaruza kingali kipya, kiache hapo hapo. Mwenye duka akikasirika, mwambie kwamba fedha yako haikukwaruza ulipoitafuta; ilikuchubua.