Rahisi kwa nani?

Mwaka 1994 mwandishi Mwitalia Umberto Eco aliandika katika gazeti la L'Espresso kwamba Macintosh ni Mkatoliki na DOS ni Mprotestanti: mmoja huwaongoza waamini wake hatua kwa hatua kwa picha, mwingine humwachia kila mtu ajifasirie mwenyewe amri ngumu. Ulikuwa mzaha. Leo tunawasikia mashabiki wa Macintosh, Windows na Linux wakiuishi mzaha ule kana kwamba ni katekisimu.

Tunaukataa ugomvi huo, kwa sababu wagombanao wanalitumia vibaya neno «rahisi». Shabiki akisema mfumo wake ni rahisi, mara nyingi maana yake ni kwamba ameuzoea. Tazameni: kwa miaka mingi, mwenye Macintosh aliyetaka kutoa disketi aliikokota picha yake mpaka kwenye pipa la takataka, pale pale anapotupa asivyovitaka. Mgeni gani asiogope kupoteza kazi yake? Katika Windows 95, aliyetaka kuzima kompyuta alibonyeza kwanza kitufe cha kuanzia! Mwaka 2012 Windows 8 ilikiondoa kitufe hicho, watu wakalalamika, na mwaka uliofuata kikarudishwa. Je, kilikuwa kizuri, au kilikuwa kimezoeleka tu?

Hatusemi kwamba mifumo yote ni sawa. Huo ungekuwa uvivu. Menyu ya Macintosh imekaa ukingoni kabisa juu ya skrini, na kwa kuwa kielekezi hakiwezi kuupita ukingo, huifikia upesi. Hiyo ni hoja, maana yaweza kupimwa. Kompyuta kuukuu inayokataliwa na Windows mpya mara nyingi huamka tena kwa Linux, bila kulipia leseni. Hiyo nayo ni hoja, na kwa mfuko mwembamba ni hoja nzito.

Njia ya kupima urahisi inajulikana. Mpe asiyejua kazi moja, aandike barua na kuihifadhi. Kisha keti nyuma yake, unyamaze, uhesabu mara anazokwama. Kunyamaza huko ndiko kunakowashinda mashabiki. Humnyang'anya mwanafunzi kipanya, wakamwonyesha wepesi wao wenyewe. Sisi tuliosomea ualimu tunaijua dhambi hiyo, maana tumeitenda ubaoni: mwalimu humaliza hesabu peke yake, akauliza darasa kama limeelewa. Darasa hujibu ndiyo.

Na mwanafunzi yule huondoka akiamini kwamba mjinga ni yeye. Hapo ndipo tunapokasirika. Mama anayeandika orodha ya michango ya jumuiya yake hana haja ya kujua nani alimwiga nani, wala kwamba Apple iliishitaki Microsoft mwaka 1988 na hatimaye ikashindwa. Anataka kujua orodha yake imehifadhiwa wapi, na vijana wawili waliosimama nyuma ya kiti chake bado wanabishana.