Waliruka kutoka kwa gari? Waulize waliokuwa Kianjokoma

Hebu fikiria: umekamatwa usiku, umerushwa nyuma ya gari la polisi, na gari linakimbia. Ungeruka?

Hayo ndiyo maelezo tuliyopewa Agosti 2021 kuhusu ndugu wawili wa Kianjokoma, Embu, mmoja miaka 22, mwingine 19. Kosa lao lilikuwa kupatikana nje saa za kafyu ya Korona. Polisi walisema waliruka gari likiwa kwenye mwendo. Lakini pale sokoni walikuwapo watu waliowaona wakikamatwa wakiwa wazima. Siku mbili baadaye familia iliwapata mochari, Embu mjini. Upasuaji ulionyesha majeraha ya kichwa na mbavu. Wakazi waliandamana, na kwenye maandamano hayo pia mtu akauawa kwa risasi. Hatimaye maafisa sita walishtakiwa kwa mauaji, mashtaka waliyokana.

Bila wale wa sokoni, stori ya kuruka ingekuwa ndiyo historia. Usinibishie, tushaona.

Panda hadi Meru. Jenerali Baimungi alipigana na Mwingereza katika msitu wa Mlima Kenya. Uhuru ukaja, naye akaendelea kudai ardhi kwa wapiganaji. Januari 1965 aliuawa na vikosi vya serikali ya Wakenya wenyewe. Kwa serikali alikuwa mhalifu tu. Wakongwe wa Mau Mau husimulia mengine kabisa. Masimulizi yao yamebaki midomoni, na wazee wenyewe wanazidi kututoka.

Wewe una simu. Ukishuhudia kitu, andika saa, mahali na nambari ya gari usiku huohuo, kabla hujaanza kusikia ya wengine na kuchanganya. Usikimbilie kuposti video, maana unajianika. Ipeleke kwa IPOA, mamlaka inayochunguza polisi, na kama unahofia maisha yako, sheria inakuruhusu kuomba ulinzi wa shahidi.

Najua, ni rahisi kusema. Anayerudi nyumbani na hofu kijijini ni shahidi, si mhariri. Ndiyo maana mzigo huu si wako peke yako. Bunge lilipitisha mwaka wa 2017 sheria ya kuunda huduma huru ya kuchunguza vifo vya kutatanisha, vikiwemo vya mikononi mwa polisi. Miaka minne baadaye, ndugu wa Kianjokoma walikufa kabla haijaanza kazi. Muulize mbunge wako ilikwama wapi.