Uvimbe wa titi na mashine ya joto



Siku hizi hata Lusangi, mtu akikaa barazani jioni, simu ya mkononi yamletea habari kutoka pande zote za dunia, za kweli na za uwongo katika kapu moja. Hivi karibuni mama mmoja wa upande ule ametuletea swali. Katika simu ya mwanawe ameona mashine inayopiga picha ya joto la mwili. Haiumizi, haimgusi mtu, wala haitumii eksirei. Wanaoitangaza wasema kwamba yaonyesha kansa ya titi kabla uvimbe haujashikika kwa mkono. Basi mama huyo atuuliza: "Je, niuze magunia mawili ya mpunga, nisafiri kuitafuta mashine hiyo? Maana tangu mavuno yaliyopita nina kitu kigumu katika titi la kushoto. Hakiumi."

Twamjibu kwanza kwa neno fupi, kisha tutaeleza sababu. Mama, mpunga wako uutunze kwa safari nyingine, lakini wewe mwenyewe usingoje. Nenda kituo cha afya wiki hii hii, ukamwonyeshe muuguzi kitu hicho. Kutouma kwake kusikutulize, maana uvimbe wa kansa mara nyingi hauumi mwanzoni. Wala usikate tamaa, kwa sababu uvimbe mwingi wa titi si kansa. Lakini ni nani awezaye kuutambua huu na ule? Si jirani, wala si picha ya joto.

Wako kati yetu waliosafiri kwenda Beni au Goma katika miaka ya 2018 hadi 2020, wakati wa Ebola. Watakumbuka jinsi walivyosimamishwa njiani, na kijana akawaelekezea kipima joto kwenye paji la uso bila kuwagusa. Mashine ya picha ya joto ni ndugu ya kipima joto hicho. Kila mwili hutoa joto lisiloonekana kwa macho; mashine yalipokea, na kulichora kwa rangi: mahali pa joto rangi moja, mahali pa baridi rangi nyingine. Sasa fikirini: yule kijana wa njiani, alipomkuta msafiri mwenye joto, alijua kwamba ana Ebola? Hata kidogo. Pengine alikuwa na malaria. Na msafiri asiye na joto, je, alikuwa mzima kwa hakika? Pengine ugonjwa ulikuwa ndani bado, haujachemka. Joto ni dalili, si jibu.

Ndivyo ilivyo katika titi. Kansa inapokua hujivutia damu nyingi, na ngozi iliyo juu yake yaweza kupata joto kuliko sehemu nyingine. Daktari Ray Lawson wa Montreal, nchini Kanada, aliandika habari hiyo mwaka 1956, na watu wengi wakafurahi, wakidhani njia rahisi imepatikana. Hawakuwa wajinga, wazo lilikuwa zuri, na ilifaa lijaribiwe. Lakini lilipojaribiwa, halikusimama. Mwaka 1973 Marekani ilianza mpango mkubwa wa kupima matiti ya wanawake wengi, na picha ya joto ilitumiwa pamoja na njia nyingine. Ikaonekana kwamba inakosa kansa nyingi mno, ikaachwa.

Sababu si ngumu kufahamu. Uvimbe mdogo, au uliojificha ndani sana, au unaokua polepole, huenda usiipashe ngozi joto. Tena titi la mama anayenyonyesha lina joto lake, na titi lenye jipu lina joto zaidi. Hivyo mashine yaweza kumtia hofu mtu asiye na ugonjwa, na yaweza kumtuliza mgonjwa. Kosa hili la pili ndilo baya zaidi. Mama aliyeambiwa "huna kitu" hurudi nyumbani akishukuru, akaendelea kulima na kutwanga, na baada ya mwaka hurudi na kidonda.

Ndiyo maana idara ya serikali ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, ilipoiruhusu mashine hiyo mwaka 1982, iliiruhusu kama nyongeza tu, kando ya picha ya titi ya eksirei, si badala yake. Mwaka 2017, na tena mwaka 2019, idara hiyo iliwaonya watu waziwazi wasiitegemee peke yake. Wako leo wanaojaribu kuitengeneza upya kwa msaada wa kompyuta, kama kampuni ya Niramai ya Bengaluru, India, iliyoanzishwa mwaka 2016. Hatukatai elimu isonge mbele. Lakini hata mashine ikisema "pana mashaka", mgonjwa bado hana budi kupimwa kwa njia nyingine ili ukweli ujulikane.

Pengine mtatuuliza: "Nasi huku Lusangi tufanye nini? Hiyo picha ya eksirei ya titi haipo karibu nasi." Ni kweli. Shirika la Afya Duniani lashauri picha hiyo hasa kwa wanawake wa miaka 50 hadi 69, katika nchi zenye uwezo wa kuiendesha vizuri. Kwa nchi zisizo na uwezo huo lashauri jambo jingine: watu wazijue dalili, wauguzi wafundishwe kupapasa matiti kwa utaratibu, na mwenye mashaka apelekwe mbele bila kukawia. Tena katika Afrika wanaougua kabla ya miaka 50 si wachache. Kwa hiyo mama kijana asiseme kwamba ugonjwa huu ni wa wazee.

Msidharau mkono wa muuguzi aliyefundishwa. Katika mji wa Mumbai, India, wanawake zaidi ya 150,000 walifuatwa kwa muda wa miaka 20. Nusu yao walipapaswa matiti kila miaka miwili na wanawake waliofundishwa kazi hiyo. Habari zilitolewa mwaka 2021: kansa ziligunduliwa mapema zaidi, na kwa wenye miaka 50 na zaidi vifo vilipungua karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya umri huo upungufu wa namna hiyo haukuonekana. Nasi twalisema hilo pia, maana hatutaki kuuza dawa kwa maneno matamu. Hata jirani zetu wa Rwanda, katika wilaya ya Burera, wamewafundisha wauguzi wa vituo vya afya kazi hiyo hiyo, ili wawatume wenye mashaka kwenye hospitali ya Butaro, ambako kituo cha kutibu kansa kilifunguliwa mwaka 2012.

Na kwa nini twende mbali? Katika miaka ya 1970 madaktari wa nchi yetu na wa chuo cha Antwerp, Ubelgiji, walijaribu Kasongo utaratibu mpya: vituo vidogo vya afya karibu na watu, na nyuma yake hospitali moja ya kupokea wagonjwa wanaotumwa. Mambo waliyojifunza Kasongo yalisomwa na waganga wa nchi nyingi. Leo Lusangi ni eneo la afya lenye jina lake, moja kati ya maeneo 18 ya jimbo la Maniema. Njia ya mgonjwa ni ile ile: kwanza muuguzi wa karibu, kisha hospitali. Anayeruka hatua hizo na kukimbilia mashine ya mbali, mara nyingi hupoteza fedha na siku pamoja.

Basi, akina mama, mshike dalili hizi. Uvimbe mgumu katika titi au kwapani. Ngozi iliyobonyea au kufanana na ganda la chungwa. Chuchu iliyoingia ndani ambayo zamani haikuwa hivyo. Damu itokayo kwenye chuchu. Kidonda kisichopona. Kwa anayenyonyesha, titi jekundu lenye uvimbe ambalo limetibiwa bila kupoa. Mwenye moja ya hayo aende kwa muuguzi. Muuguzi akimtuma hospitali, huko hupimwa, pengine kwa ekografia. Na neno la mwisho hutolewa na kipande kidogo cha nyama ya uvimbe kilichotazamwa kwa hadubini. Kipande hicho chaweza kutiwa katika dawa ya kukihifadhi na kusafirishwa hadi maabara ya mbali, hata kama mgonjwa mwenyewe hawezi kufika. Hapo ndipo fedha ya mpunga ina kazi. Shirika la Afya Duniani lataka jibu lipatikane kabla ya siku 60 kupita tangu mgonjwa alipofika mara ya kwanza.

Nanyi akina baba, neno letu kwenu ni hili. Mara nyingi mama huficha uvimbe kwa sababu aogopa kuachwa, au aogopa maneno ya mama mkwe, au fedha zi mkononi mwa mume. Wahenga walisema: mficha maradhi kilio humfichua. Mke akikwambia habari hiyo, usimtume kwanza kwa mpiga ramli, wala usingoje msimu upite. Mtafutie pikipiki au baiskeli, ufuatane naye. Kansa ya titi haitokani na uchawi wala na mwenendo mbaya. Hata wanaume wachache huipata. Ikikutwa mapema, wengi hupona kwa kupasuliwa na kupewa dawa. Twajua kwamba barabara ya Kasongo ni mbaya wakati wa mvua, na kwamba huko Kabambare watu wameshindwa kusafiri mara nyingi kwa ajili ya vita. Kwa sababu hiyo hasa siku za mwanzo zisipotee bure.

Mama uliyetuuliza, twangoja habari zako. Utuambie muuguzi alisema nini. Na kama mume wako anasoma ukurasa huu kabla yako, mpunga na ubaki ghalani kwa leo, ninyi wawili mwondoke asubuhi.