MHUDUMU WA NDEGE NAYE AKAE

Ndugu wanachama, sisi wa reli tumezoea njia inayoonekana. Dereva wa gari la moshi huiona signali mbele yake, na njia ikiharibika huonyeshwa bendera nyekundu. Reli haifiki Lodwar wala Kakuma. Wafanya kazi wenzetu waendao huko kwa ndege hawana bendera hewani.

Upepo wa Turkana unajulikana. Hupita kwa nguvu katika mlango ulio kati ya milima ya Ethiopia na milima ya Kenya, hasa usiku na alfajiri. Ndio uliofanya mitambo 365 ya umeme isimamishwe karibu na Loiyangalani. Adhuhuri ardhi ikichomwa na jua, hewa ya moto hupanda na kuitikisa ndege. Rada ya ndege huona matone ya maji mawinguni. Hewa kavu isiyo na wingu haioni. Basi rubani hutegemea habari za mwenzake aliyetangulia, ampashaye kwa redio kama msukosuko ni mdogo, wa kadiri au mkali. Akisha kuzipata hupunguza mwendo, huomba kupanda au kushuka, na huwasha taa ya mikanda.

Taa hiyo ndiyo hoja yetu. Abiria hujifunga, lakini mhudumu bado amesimama na toroli la chai ya moto, na yuko abiria anayenung'unika kuwa hajapata kikombe chake. (Safari ya Nairobi hadi Lodwar ni fupi, kiu hiyo haiui mtu.) Tarehe 21 Mei 2024 ndege ya Singapore Airlines iliyotoka London ilikuwa juu ya Myanmar ilipoanguka futi 178 kwa muda wa sekunde 5 hivi. Taa ilikuwa imewashwa sekunde chache tu kabla. Abiria mmoja alikufa, na makumi ya watu waliumia, wahudumu wakiwamo.

Twataka iandikwe katika mapatano ya kazi: rubani akiamuru kukaa, wahudumu nao wakae. Mhudumu akiona vikombe vinaruka kabla ya amri, afunge toroli akae, wala asiandikiwe barua ya makosa kwa ajili ya chai.

Na aliyeumia asiambiwe kwamba upepo ni kazi ya Mungu. Bega lililoteguka hewani limeteguka kazini, na sheria ya Kenya ya mwaka 2007 juu ya walioumia kazini yampa haki ya kudai fidia. Aandikishe ajali siku ile ile, na nakala amletee katibu wa tawi.