Nani mtu, nani mashine? Watazamaji wangali wanavutana

KUNA filamu ambazo ukizitazama leo, kesho huzikumbuki. Kuna nyingine ambazo watu huzizungumzia siku mbili tatu kisha wakaziacha. Lakini Blade Runner, filamu ya upelelezi wa siku za usoni iliyoanza kuonyeshwa nchini Marekani Juni 25, 1982, imewagawanya watazamaji kwa zaidi ya miaka 40, na mzozo wenyewe haujaisha.

Iwapo una kijana wa chuo nyumbani, msomaji, huenda umewahi kumpata akiitazama usiku wa manane. Mzazi akipita sebuleni huona giza, mvua na moshi, naye huuliza, "Hii nayo ni sinema gani?" Kijana hujibu bila kugeuza macho, "Baba, hakuna bora kuliko hii." Mzazi hutikisa kichwa akaenda kulala. Basi jueni kwamba nyote wawili mna wenzenu wengi duniani.

Kisa chenyewe si kirefu. Ni Novemba 2019, mwaka ambao kwetu umekwisha kupita lakini kwa waliotengeneza filamu hiyo ulikuwa mbali sana. Jiji ni Los Angeles. Mvua haikatiki, magari yanapaa baina ya majumba marefu, na matangazo ya biashara yanamulika kuta nzima. Kampuni moja kubwa inaunda watu bandia, wanaoitwa replikanti, ambao kwa macho huwezi kuwatofautisha na binadamu. Hao hupelekwa sayari nyingine kufanya kazi za sulubu na kupigana vita. Umri wao ni miaka minne tu, kisha huzimika kama taa iliyoishiwa mafuta. Hawana ruhusa ya kukanyaga dunia. Akipatikana mmoja wao huku, hupigwa risasi, ingawa polisi hawasemi kwamba ameuawa. Husema "amestaafishwa".

Kundi moja la watumwa hao linaasi, linaua watu, linateka chombo cha angani na kuja duniani. Polisi aliyekuwa ameacha kazi, Deckard, analazimishwa kurudi awasake mmoja baada ya mwingine. Aliyeigiza Deckard ni Harrison Ford. Kiongozi wa waasi, Roy Batty, aliigizwa na Mholanzi Rutger Hauer.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanzia. Watazamaji wa 1982 walimjua Ford kutokana na Star Wars ya 1977 na Raiders of the Lost Ark ya 1981. Walilipa kiingilio wakitarajia shujaa mchangamfu, mwenye mzaha, anayeshinda kila vita. Badala yake walipewa mtu mchovu, mpenda pombe, anayepokea kipigo karibu kila anapokutana na adui, na ambaye mara ya kwanza tunapomwona akiua, anampiga risasi mwanamke mgongoni huku akikimbia. Mtu gani atamshangilia shujaa wa namna hiyo?

Fauka ya hayo, wiki mbili tu zilizotangulia, Juni 11, 1982, Steven Spielberg alikuwa ametoa E.T., kisa cha kiumbe mpole kutoka sayari nyingine anayefanywa rafiki na mtoto. Familia za Marekani zilifurika huko, zikalia na kucheka. Blade Runner, iliyogharimu takriban dola milioni 28, ilipata dola milioni 6 hivi katika siku zake za kwanza, kisha viti vikaanza kubaki vitupu.

Lakini jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba maoni ya watazamaji yalikuwa yameibadilisha filamu hiyo hata kabla haijatolewa. Mapema mwaka huo, kampuni iliyogharamia kazi hiyo iliwaalika watu wa kawaida katika miji ya Denver na Dallas, ikawaonyesha filamu ikiwa bado haijakamilika. Wengi walilalamika. Walisema hawaielewi, na kwamba mwisho wake unawaacha na huzuni.

Wenye fedha waliingiwa na baridi. Wakaamuru Ford aingie studioni asome maelezo ya kumfafanulia mtazamaji kila kinachotendeka, kazi ambayo mwigizaji huyo hakuipenda hata kidogo. Kisha ukabandikwa mwisho wa furaha, Deckard na mpenziwe Rachael wakisafiri kwa gari katika milima ya kijani kibichi, chini ya jua. Picha za milima hiyo hata hazikupigwa kwa ajili ya filamu hiyo. Zilikuwa masalio ya The Shining, filamu ya kutisha ya Stanley Kubrick ya 1980. Ajabu ni kwamba, pamoja na marekebisho yote hayo, watu bado hawakuja.

Je, watazamaji wale wa Denver na Dallas walikosea? Wasomi wa filamu huwacheka, lakini mimi siwalaumu. Filamu hiyo huenda polepole, haielezi mambo mengi, na giza lake linachosha macho. Hata leo wako mashabiki wanaoipenda ile sauti ya Ford kwa sababu inawakumbusha hadithi za zamani za makachero. Mtu aliyetoka kazini amechoka ana haki ya kusema sinema imemshinda. Kosa, kwa maoni yangu, ni la wale waliochukua maoni ya usiku mmoja wakayafanya hukumu ya milele.

Kwa sababu hukumu hiyo haikudumu. Mwaka 1983 wapenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi waliipigia kura ikapata tuzo ya Hugo. Kanda za video ziliifikisha majumbani, ambako mtu angeweza kuirudisha nyuma na kuona yaliyompita. Kisha Mei 1990, jumba moja la sinema huko Los Angeles lilionyesha nakala ya zamani bila kujua kwamba ni ile ya majaribio, isiyokuwa na mwisho wa furaha na iliyokosa sehemu kubwa ya maelezo ya Ford. Waliokuwa ndani walishangaa na kufurahi. Habari zikaenea, na nakala hiyo ilipoonyeshwa tena mwaka uliofuata, watu walipanga foleni.

Basi mwaka 1992 ikatolewa Blade Runner ya namna nyingine, bila maelezo na bila milima, na mwaka 2007 mwelekezi wake, Ridley Scott, akatoa ile aliyoiunda apendavyo mwenyewe. Maktaba ya Bunge la Marekani ilikuwa imeiingiza katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa tangu 1993. Hata mhakiki mashuhuri Roger Ebert, ambaye mwaka 1982 alizisifu picha zake lakini akalalamika kwamba hadithi haimgusi, aliirudia mwaka 2007 na kuitia katika orodha yake ya filamu kuu. Mtu mzima kukiri hadharani kwamba amebadili mawazo ni jambo la kuheshimiwa.

Mwandishi wa riwaya ya 1968 iliyozaa filamu hiyo, Philip K. Dick, hakuyaona hayo. Alionyeshwa vipande vichache tu akapendezwa, kisha akafariki Machi 1982, miezi michache kabla ya filamu kuanza kuonyeshwa.

Sasa watazamaji wanabishana juu ya nini hasa?

Swali la kwanza ni hili: Deckard mwenyewe ni mtu au ni replikanti asiyejijua? Wanaosema ni mashine walipata nguvu kutokana na hesabu iliyokosewa. Katika filamu ya 1982, mkuu wa polisi anasema waasi waliotoroka ni sita, mmoja wao akaungua na kufa. Lakini wanaosakwa ni wanne tu. Yuko wapi wa tano? Mashabiki wakasema, naam, ndiye Deckard! Ukweli ni kwamba mhusika mmoja alikuwa ameondolewa katika hadithi, na waandishi wakasahau kurekebisha idadi. Mwaka 2007 kosa hilo lilisahihishwa, waliokufa wakawa wawili. Hata hivyo ubishi haukuzimika, kwani Scott mwenyewe husema Deckard ni replikanti, naye Ford alishikilia kwamba ni binadamu, akihoji kuwa mtazamaji anahitaji angalau mtu mmoja wa kumwonea uchungu.

Swali la pili ni zito zaidi: mhalifu ni nani? Batty ameua, na anaua tena mbele ya macho yetu kwa ukatili. Lakini aliundwa bila kuulizwa, akafanyishwa kazi ya utumwa, na akakatiwa miaka minne. Anapomfikia aliyemuunda, hamwombi fedha wala cheo. Anaomba muda wa kuishi, naye anaambiwa haiwezekani. Mwishoni, Deckard ananing'inia juu ya jumba refu, vidole vinateleza, na Batty, ambaye dakika zake zinahesabika, anamshika mkono na kumwokoa. Kisha anaketi kwenye mvua, anasema maneno machache ya buriani ambayo Hauer mwenyewe aliyapunguza na kuyaandika upya usiku uliotangulia, na anafariki.

Watazamaji wengi husema hapo ndipo walipogundua kwamba walikuwa wakimshangilia asiyestahili. Wengine hukataa katakata. Kwao, wema wa dakika moja haufuti damu. Mimi nasema nyumba ambayo mzazi na mwana wanaweza kubishana juu ya jambo hilo bila kununiana ni nyumba yenye afya.

Swali la tatu limepata nguvu miaka ya karibuni, na linawahusu hasa wenye mabinti. Kuna mahali Deckard anamzuia Rachael asitoke chumbani, anamsukuma, na kumwamrisha aseme kwamba anamtaka. Muziki unapigwa kana kwamba hayo ni mapenzi. Zamani wengi walilipita jambo hilo kimya. Leo watazamaji wengi, wanawake kwa wanaume, husema wazi kwamba huo ni ulazimishaji. Nakubaliana nao. Kuipenda filamu hakumlazimu mtu kuutetea kila uovu uliomo.

Mimi mwenyewe niliitazama mara ya kwanza nikisomea uandishi wa habari. Tulikuwa watano chumbani tukiichungulia kwenye kompyuta ya mwenzetu. Wawili walisinzia, mmoja akatoka kununua chipsi, nami nikasema ni filamu ya bure kabisa. Niliitazama tena baada ya kumzika baba. Katika majuma yake ya mwisho alikuwa akiuliza swali moja tu, nalo ni kama hakuna dawa ya kumwongezea siku. Nilipomwona Batty akimkabili aliyemuunda na kuuliza lile lile, nilizima nikatoka nje kupunga hewa. Filamu ilikuwa ile ile. Aliyebadilika ni mtazamaji.

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Hauer alifariki Julai 2019, mwaka ule ule ambao mhusika wake anakufa katika hadithi, na magari yanayopaa juu ya Los Angeles hayakuwa yametokea. Lakini hofu ya kufa kabla ya kuonja maisha, na wepesi wetu wa kumwita mwingine "si mtu" ili tumtendee tutakavyo, hayo yalikuwapo 1982 na yapo leo.

Historia nayo ilijirudia. Mwaka 2017 ilitolewa filamu ya pili, Blade Runner 2049, iliyoelekezwa na Denis Villeneuve. Inachukua saa mbili na dakika 43. Wahakiki waliisifu, ikapata tuzo mbili za Oscar, lakini mapato yake hayakufikia matarajio. Tayari wapo wanaosema hiyo nayo itahitaji miaka yake.

Mzazi anayetaka kuitazama na jamaa yake azingatie kwamba si filamu ya watoto wadogo. Ina damu, ina mauaji ya kuogofya, na huko kwao Marekani aliye chini ya umri wa miaka 17 hutakiwa kuandamana na mtu mzima. Lakini kama una kijana aliyekomaa, keti naye. Anza na ile ya 2007. Ikiisha, usiwe wa kwanza kusema. Mwulize, "Kati ya hao wawili juu ya paa, mtu alikuwa nani?" Kisha nyamaza umsikilize.

Na akijibu kwamba filamu ni mbaya na imemchosha, usimkaripie. Mwache. Huenda akairudia akiwa na miaka 30 na ushei, akakupigia simu.