Faida siyo pesa mkononi

Makamanda, juzi kijiweni jamaa kanibishia: eti benki ikitangaza faida, basi iko salama. Wapi! Silicon Valley Bank ya California ilifunga mwaka 2022 na faida, na amana za dola bilioni 173. Lakini fedha taslimu, pamoja na zinazogeuka taslimu haraka, hazikufika bilioni 14. Nyingi zilikwama kwenye hati fungani za muda mrefu. Machi 9, 2023 wateja wakachota bilioni 42 kwa siku moja. Kesho yake ikafungwa. Na bunge lao lilishalegeza usimamizi wa benki za ukubwa huo mwaka 2018! Hapa Tanzania benki huchapisha hesabu gazetini kila robo mwaka. Mstari wa kwanza wa mali ni fedha taslimu. Anzieni hapo, msikimbilie faida.